Hesabu matundu kabla hujashika kisu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya kazi kwenye vizimba vya kufugia sato ziwani, upande wa Luchelele hapa Mwanza, aliniletea wavu wa mkono wa kuchotea samaki nimwekee mfuko mpya. Alichonikabidhi kilikuwa fremu ya mti na mpini wake, basi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mfuko wa zamani uko wapi?”

“Tuliukata tukautupa. Ulishaoza.”

Nilisikitika. Mfuko mbovu una kazi moja ya mwisho, nayo ni kukuonyesha mpya uweje: mdomoni una macho (vijitundu vya wavu) mangapi, kina chake kiasi gani, na ulianza kuchanika wapi. Ukichanikia kitakoni, miiba ya mgongo ya sato imefanya kazi yake. Ukiachia mdomoni, upande wa mbele, ujue ni msuguano wa kingo za mtumbwi na mawe. Ukiwa unakatika kila unapoushika, uzi ukitoa vumbi vidoleni, hilo ni jua. Watu husema umeoza, lakini nailoni haiozi majini kama pamba ya zamani. Inaliwa na jua, hasa wavu ukishinda siku nzima juu ya bati au kwenye jukwaa la kizimba. Kwa hiyo ukifungua mfuko wa zamani, kata uzi wa kufungia peke yake, na mfuko uutunze mpaka mpya umalizike.

Kwa kijana huyu ilibidi nianzie kwenye fremu. Ni fremu nzuri, fito za mkole zilizokunjwa na kuunganishwa, haina ufa. Nilisafisha matundu yake, yale ya kupitishia kamba ya kufungia mfuko, kwa spoku ya baiskeli, maana yalijaa ute uliokauka na vipande vya uzi. Kisha nikapitisha msasa na kupaka vanishi mara mbili, hata ndani ya matundu. Maji huanzia humo kuingia kwenye mti.

Sasa hesabu, na hapa naomba usiruke mstari.

Fremu ina upana wa sentimita 40, hivyo mzunguko wake ni kama sentimita 126. Ina matundu 30. Nyavu nilizokuwa nazo zina jicho la sentimita 3, kipimo ambacho sisi huchukua kwa kulivuta jicho mpaka lifumbe, toka ncha hadi ncha. Lakini jicho lililofumba halikai hivyo kwenye mfuko. Likifunguka likawa mraba kamili, upana wake unabaki kama asilimia 70 ya kipimo kile, yaani sentimita 2.1 hivi. Gawa 126 kwa 2.1 unapata macho 60. Matundu 30, macho 60: kila tundu macho mawili, hakuna linalobaki. Ukilazimisha macho 80 yatajikunja, na mwiba wa sato utaingia kwenye kila mkunjo. Ukiweka 50, mdomo utavutika kama ngoma na uzito wote utabebwa na nyuzi chache. Mifuko mingi niliyoletewa ikiwa imeachia mapema ilikuwa na uzi mzima kabisa. Mgawanyo wa macho ndio uliokosewa.

Kuhusu wavu wenyewe, kwa kazi ya vizimba mimi nachagua usio na mafundo. Pale sato anachotwa, anapimwa uzito, anarudishwa majini akaendelee kukua. Fundo linakwangua ute wa ngozi yake, na samaki aliyekwanguliwa ute utamwona baada ya siku chache ana madoa meupe kama pamba. Huo ni ukungu, na umeletwa na mkono wako. Kwa mvuvi wa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, anayemtoa sangara wa kuuza, wavu wa mafundo unatosha. Ila sangara asiyefika sentimita 50, au sato asiyefika 25, haruhusiwi kuvuliwa, na kama unamrudisha ni vema arudi na ngozi yake.

Kuna wanaoshona mfuko wa chandarua cha mbu. Tafadhali, usifanye hivyo. Chandarua chenye dawa kina sumu kali kwa samaki, na hata kisicho na dawa macho yake ni madogo mno: ukikisukuma majini kinasukuma maji pamoja na samaki wako. Wala usikate kipande cha timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki. Zimekatazwa, na zinakata mapezi kama wembe. Angalia pia aina ya uzi. Nailoni ni nzito kidogo kuliko maji, hivyo mfuko unazama na kufunguka wenyewe. Nyuzi za polithini ni nyepesi kuliko maji, mfuko unaelea na kujikunja mdomoni wakati samaki yuko mbele yako.

Nilikata kipande cha macho 61 kwa 21. Lile moja la ziada linaliwa na mshono wa ubavuni, na 21 yanatoa kina cha karibu sentimita 45, kiasi kwamba ukizungusha mpini mdomo unajifunga na samaki haruki. Kitako nilikishona bapa. Wengine hukusanya macho yote kwa kamba moja wakakaza, lakini katikati panabaki donge gumu, na samaki huangukia hapohapo.

Kufunga kunahitaji kamba mbili. Ya kwanza, kamba ya mdomo, inapita kwenye macho yote 60 na kufungwa duara lenye ukubwa wa ndani ya fremu. Ya pili ndiyo ya kufungia, nami huipaka nta ya nyuki ili fundo lisiteleze. Kabla ya kuanza, nafunga vipande vitatu vya uzi mwekundu kwenye kamba ya mdomo, kila baada ya macho 20, na kuvishikiza kwenye tundu la 1, la 11 na la 21. Nikikosea njiani nitagundua ndani ya theluthi moja, sitasubiri nimalize mzunguko.

Naanzia shingoni, penye mpini, kwa sababu fundo la mwisho litakaa hapo mbali na msuguano. Kamba inatoka nje ya fremu, inaingia tunduni, inaizunguka kamba ya mdomo katikati ya macho yake mawili, inajifunga nusu fundo, inarudi nje kwa tundu lilelile, kisha inalala ndani ya mfuo mpaka tundu linalofuata. Vuta kila hatua kwa nguvu ileile.

Mfuo ni ule mfereji mdogo uliochimbwa upande wa nje wa fremu. Kama fremu yako haina, chimba kwa patasi nyembamba, kina cha milimita 3. Nilijifunza umuhimu wake Kayenze, nikiwa na kaka yangu mkubwa. Tulikuwa tunapandisha sangara mkubwa alfajiri, fremu yetu haina mfuo, kamba imeshalika nje kwa kusuguana na mtumbwi bila sisi kuiona. Nilipoinua ikakatika, mfuko ukavuka mbele ya fremu, samaki akaondoka nao na sehemu ya mgonzo. Kaka hakusema neno mpaka tunafika mwaloni. Siku ileile alikaa chini akachimba mfuo kwa kisu, na fremu ile tuliitumia miaka mingi baadaye.

Kijana alipokuja kuchukua wavu wake nilimwambia aulaze ndani ya maji usiku mmoja akiwa ameweka jiwe la kilo mbili mfukoni. Nailoni ikilowa inanyonya maji na kurefuka kidogo, na kamba iliyokuwa imekaza inalegea. Asubuhi alirudi nao ukiwa bado unachuruzika. Nikafungua fundo la shingoni, nikavuta ulegevu tundu kwa tundu toka mbele hadi kwenye mpini, ukatoka karibu urefu wa kidole, nikafunga tena na kuunguza ncha kwa kiberiti.

“Wabeja, mzee,” akanishukuru kwa Kisukuma, akauning'iniza kivulini.