Hapana, sitaki aidia yako

Imetokea tena. Safari hii ilikuwa kwenye kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, huko Mukono, nimekaa zangu kwenye tenti nasubiri chakula, jamaa mmoja wa upande wa bwana harusi akasikia kwamba mi naandika, akavuta kiti. Kiti kikivutwa namna ile huwa najua kinachofuata. "Kaka, mi nina stori, ukiisikia utalia. Ya kweli kabisa, imenitokea mwenyewe. Sasa mi nakupa stori, wewe kazi yako ni kuiandika tu, af tunagawana nusu kwa nusu."

Nusu kwa nusu! Ofa hii nimeshapewa na watu wa boda, na mchungaji, na afande mstaafu, na daktari wa meno huku koleo lake liko mdomoni mwangu kwa hiyo hata kubisha sikuweza. Wote wanaamini kitu kimoja, kwamba stori ndiyo mali, na kuiandika ni kazi ya vidole. Nimechoka kujibu kwa adabu, kwa hiyo najibu hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Kwanza tumalize hili la kuibiwa manake lina kelele nyingi bila sababu. Wengi wanaanza kwa kunong'ona. Wengine wanataka nisaini karatasi kabla hawajafungua mdomo. Jamani, sheria ya hakimiliki ya Uganda, ile ya mwaka 2006, inasema wazi kwamba aidia hailindwi. Kinacholindwa ni kazi yako mwenyewe iliyokwisha kuwekwa kwenye kitu, imeandikwa au imerekodiwa, na sheria haijali hata kama imeandikwa vibaya. Ukijaza kurasa mbili za ovyo kwa penseli kwenye daftari la mtoto, zile kurasa ni zako mpaka unakufa, na miaka 50 baada ya hapo ni za warithi wako. Ila ukininong'oneza stori kali kuliko zote duniani hujashika chochote. Naweza kurudi nyumbani usiku huohuo nikaanza riwaya juu ya mtu aliyekimbiwa na mchumba wake siku ya kwanjula na hakuna hakimu wa kunigusa.

Sitaianza, tulia. Siyo kwamba mi ni mwaminifu sana, ni kwamba aidia zangu mwenyewe zinajaza kaunta buku ya kwaya tatu na nyingi zitafia humohumo. Mwandishi anayefanya kazi hajawahi kupungukiwa aidia. Anapungukiwa muda, pesa, na jinsi ya kufika kutoka ukurasa wa 40 kwenda wa 41.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi hasa, hilo la "kuiandika tu".

Mtu anaposimulia kwa mdomo hafanyi kazi peke yake. Ana uso, ana mikono, anajua kunyamaza. Na nyie mnaomsikiliza mnamfanyia nusu ya kazi, mnamkatisha, "ngoja, huyu Musa ni yule wa dukani au yule mwingine?", anarudi nyuma anarekebisha, anaendelea, mnamjua, mnajua mke wake, mnajua alivyo muongo kidogo na mnampunguzia hapo hapo kichwani. Karatasi haina hata kimoja cha hivyo. Msomaji yuko peke yake huko Mbale kwenye basi, hajui Musa ni nani, hawezi kuuliza, na akiboreka hakwambii, anafunga tu.

Nitoe mfano, na mwenyewe ameniruhusu. Stejini kwetu kuna mzee alikuwa anapeleka nyanya Juba, Sudan Kusini, kwa lori, anapita Gulu, anatokea Elegu mpakani. Safari moja foleni ya mpakani ikagoma siku tatu, jua lile la kule unalijua, nyanya zikaanza kuoza kreti moja baada ya nyingine, alipofika Juba mnunuzi akafungua turubai, akachungulia, akamuuliza, "Mzee, hii umeleta juisi?" Akifika hapo steji nzima inaanguka. Nimeisikia mara nyingi na bado nacheka.

Haya, nikaiandika. "Nilikwama Elegu siku tatu na nyanya zote zikaoza. Nilipofika Juba mnunuzi akaniuliza kama nimeleta juisi."

Imekufa. Hakuna kosa la sarufi, matukio yako yote, na haina uhai hata kidogo. Nilikaa nayo nikijiuliza kwa nini stejini wanacheka vile, ndo nikakumbuka kwamba pale kila mtu anajua kitu ambacho mzee hakisemi: pesa ya ule mzigo alikopa kwa baba mkwe wake, na tangu siku hiyo ukweni anapita mbali. Kicheko kinatoka kwenye deni. Nyanya ni nyanya tu.

Kwa hiyo unaweka deni. Wapi? Nikaliweka mwanzo: "Nilikopa pesa kwa baba mkwe ili ninunue nyanya." Hapo msomaji ameshamaliza stori, anajua kabisa nyanya zitaoza, kwani utamwambia habari ya mkopo wa nini kama zilifika salama? Nikalihamisha mwisho, baada ya juisi, ikawa mbaya zaidi, mtu anacheka halafu unampiga na deni, kicheko kinageuka huruma na yule mzee hapendi kuhurumiwa, ningemuudhi. Nikalipeleka katikati kwenye mabano. Mabano! Nikalifuta kwa aibu. Mwisho ikakaa hivi:

"Siku ya pili baba mkwe akapiga simu. 'Mmefika wapi na nyanya zetu?' Nikamwambia tunakaribia. Chini ya lori maji mekundu yalikuwa yanadondoka na nzi walishajua njia."

Hakuna mahali nimetaja deni, msomaji analinusa mwenyewe kwenye swali la baba mkwe, na uongo umeshaingia, na sasa juisi ikifika inamkuta mtu ameshaumia kidogo kwa ndani, anacheka vizuri. Mistari ile mitatu ilikula asubuhi nzima, chai ikapoa, na ukurasa wenyewe ulikuwa bado.

Na hapa kuna kitu ambacho vitabu vya kufundisha uandishi vinakipita haraka. Simu ile ya baba mkwe ilikuja, lakini haikuja siku ya pili. Ilikuja mzee alipokuwa ameshageuza lori kurudi. Mi ndo nimeisogeza. Kama ingekuwa riwaya hakuna neno, sogeza unavyotaka. Lakini haya ni maisha ya mtu, ana jina, ana wakwe. Nilimuuliza akasema, "Weka tu, inapendeza." Sasa je, alielewa nilichomuuliza, au alifurahi tu kwamba kuna mtu anaandika habari zake? Sijui mpaka leo. Na siku hizi nikimsikia anasimulia pale stejini, simu inakuja siku ya pili. Kaichukua ile yangu! Sina hakika kama nimemsaidia au nimemharibia kumbukumbu yake, na waandishi wenzangu niliowauliza hili kila mmoja ana jibu lake na hakuna aliyeniridhisha.

Hiyo ndo kazi unayotaka nifanye kwa nusu ya pesa ambayo haipo.

Kuna walioniambia basi nimpe mashine aandike. Jamaa mmoja kweli aliilisha programu ya simu stori yake, ikamletea kurasa za jua linalochomoza na upepo mwanana. Mtu ametoka Elegu jamani, upepo mwanana wa wapi.

Mambo ya kusubiri msukumo sina muda nayo. Naandika asubuhi kabla redio ya jirani haijaamka kwa sababu ikishaamka basi. Umeme ukikatika narudi kwenye kaunta buku, betri ya laptopu yangu ni ya mapambo. WhatsApp siifungui kabla ya kumaliza angalau ukurasa, manake nikiifungua nakutana na voisi za dakika kumi na nne za watu wenye stori. Naacha kazi katikati ya sentensi ninayojua inakoenda, ili kesho nisianze na ukurasa mtupu. Na kila kitu nakisoma kwa sauti, mara mbili mara tatu, jicho linasamehe ujinga ambao sikio halisamehi. Jirani yangu mmoja mlokole aliwahi kuniuliza nasali kanisa gani, anasema maombi yangu ya alfajiri yana nguvu.

Pesa? Riwaya hainilishi, tusidanganyane. Ninachokula kinatoka kwenye ripoti za miradi, matangazo ya redio, mabango ya afya ya kutafsiri, na hotuba za wajomba ambao hawataki kuaibika mbele ya wakwe. Ukifanyia kampuni kubwa kazi ya kuzidi shilingi milioni moja ya Uganda wanakukata kodi ya zuio asilimia 6 hapo hapo, af inayobaki unaisubiri mpaka unasahau kazi ilihusu nini. Tangu baraza la mawaziri lipitishe Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, simu za "tutafsirie hiki haraka" zimeongezeka kwangu. Za kuulizia riwaya bado.

Na hapo kwenye lugha pia kuna kitu kinanisumbua. Hapa Kampala ukiongea Kiswahili sokoni kuna watu bado wanakuangalia wakitafuta gwanda na bunduki viko wapi, manake kwao hiyo ni lugha ya wanajeshi. Nikiandika, wanaonisoma wengi wako Busia upande wa Kenya, Nairobi, Dar. Editori mmoja wa Dar ananirekebishia Kiswahili changu mpaka mahali ambapo mtu wa Arua hapa Uganda angesema hivyo hivyo bila kujiuliza, na mi nakubali, kwa sababu nataka kitoke, halafu nakuwa na hasira wiki nzima. Namwandikia nani hasa? Kuna siku najibu hilo swali vizuri sana, kuna siku nafunga laptopu naenda kula kikomando, chapati na maharage.

Ila nikubali kitu, manake nimewachapa sana watu wa aidia. Kuna stori ambazo ni nzito kiasi kwamba zinapita juu ya uandishi mbovu na kukufikia hivyo hivyo. Kuna jioni ya watu kusomeana kazi nilikwenda, dada mmoja akasimama na karatasi zake, mara yake ya kwanza, nyakati zimechanganyika, mtu anakufa ukurasa wa pili halafu anasalimia ukurasa wa tatu. Alipomaliza hakuna aliyeguna. Mi na sentensi zangu zilizopigwa pasi nilikuwa nafuata kusoma, nikaomba niruke. Nimejaribu kueleza kwa nini ile kitu ilifanya kazi na kila maelezo yangu ni uongo wa kitaalamu. Lakini jamani, alikuwa na KARATASI. Hakuja na kiti akakivuta.

Mwaka 1962 hapo Makerere palikuwa na mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika, na Chinua Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, alikuwepo. Kuna mwanafunzi wa chuo akamfuata amsomee kazi yake. Yule mwanafunzi ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, siku hizo bado anaitwa James Ngugi, na alichokuwa nacho mkononi ni mswada wa riwaya. Kitabu, Weep Not, Child, kikatoka 1964. Hakumshika Achebe koti akamwambia, "Mzee nina stori, ukiisikia utalia."

Kwa nini naendelea? Karo za watoto, hilo la kwanza na sioni aibu. La pili ni hasira, nikisikia stori nzuri imesimuliwa ovyo kwenye gazeti au kwenye hotuba mwili unaniwasha, nataka kuivua na kuivalisha upya. La tatu ni ule mstari unaokaa, kama ule wa nzi, ambao hautokei kila siku na ukitokea hakuna wa kumwambia nyumbani, mke wangu ameshanikataza kumwamsha.

Kwa hiyo kaka wa Mukono, na wote mlio nyuma yake kwenye foleni. Andika kurasa mbili. Kwa mkono, kwa simu, kwa Kiswahili kibovu, changanya na Luganda ukitaka, usianze na kuzaliwa kwako, anza siku mambo yalipoharibika. Nitazisoma, hilo ni bure, na nitakwambia ukweli, hilo pia ni bure ingawa wengi hawalipendi. Ukitaka niandike mimi, basi tunakaa, narekodi, nakuuliza maswali mpaka ya wakwe, bei ni ya kazi na siyo ya mgao, na nusu yake inalipwa kabla sijafungua daftari.