Ngazi za mashindano ya kulenga shabaha: maana na vigezo vyake

Ngazi ni daraja linalopewa shindano la kulenga shabaha kwa kuzingatia ukubwa wake, mamlaka iliyoliidhinisha na ukali wa kanuni zinazosimamiwa siku hiyo. Mfumo ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa IPSC, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha kwa vitendo, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani. Katika mchezo huu mlengaji hasimami mahali pamoja, bali hupita kati ya vizuizi akipiga shabaha kadhaa, kisha alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Sehemu moja ya uwanja iliyopangwa namna hiyo huitwa kituo.

Hapa Dodoma, ambako wengi wetu tumezoea kuiona bunduki begani mwa askari wa lindo kuliko uwanjani, mfano wa karibu ni UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi inayoanzia chini, ikapanda wilayani na mkoani hadi taifa. Mfano huo una kasoro moja: mwanafunzi hufika taifa kwa sababu timu yake imeshinda au yeye amechaguliwa, ilhali shindano la ngazi ya tatu la IPSC ni la ngazi ya tatu tangu siku lilipoidhinishwa, awe ameshiriki bingwa au mgeni wa mchezo.

Ngazi ziko tano. Ya kwanza ni shindano la klabu, ambalo kanuni zinapendekeza liwe na vituo visivyopungua vitatu. Ya pili ni kubwa kidogo, yenye vituo vitano au zaidi. Hapo waandaaji wana nafasi ya kupumua, kwa kuwa hawabanwi sana na sharti la kumwachia mlengaji uhuru wa kuchagua namna ya kukikabili kituo, wala na ukomo wa idadi ya risasi katika kila kituo. Nadhani ulegevu huo ni wa busara, maana klabu ndogo yenye uwanja mfinyu isingeweza kuandaa chochote bila huo.

Tofauti kubwa huanza ngazi ya tatu, ambako ndiko hasa ubingwa wa nchi huchezwa. Shindano la ngazi hiyo lazima liidhinishwe na IPSC yenyewe, hupendekezwa liwe na vituo 12 na risasi 150 kwa kila mshiriki, na kanuni za upangaji wa vituo hufuatwa neno kwa neno: kituo kifupi cha bastola hakizidi risasi 12, cha kati 24, na kirefu 32. Hata namna ya kuanza imepimwa. Msimamizi humwuliza mlengaji kama yuko tayari, humtaka ajiweke sawa, kisha mlio wa saa ya kupimia hutoka ndani ya sekunde moja hadi nne, ili asiweze kuubahatisha.

Ngazi ya nne ni ubingwa wa bara. Ya tano ni ubingwa wa dunia, ambao hupendekezwa uwe na vituo 30. Ule wa bastola ulifanyika Afrika Kusini mwaka 2002 na Châteauroux, Ufaransa, mwaka 2017. Nafasi za kushiriki ubingwa wa dunia hugawiwa kwa nchi, hivyo mlengaji hupata yake kupitia chama cha nchi yake.

Watu huchanganya ngazi hizi na madaraja ya walengaji wenyewe. Mlengaji hupewa daraja kwa asilimia ya ufanisi wake ikilinganishwa na walengaji bora: aliye chini ya 40 huwa daraja D, anayefikia 40 huingia C, 60 ni B, 75 ni A, 85 humfanya kuwa fundi, na 95 fundi mkuu. Mtu wa daraja D anaweza kabisa kujiandikisha katika shindano la ngazi ya tatu, mradi ni mwanachama halali wa chama cha nchi yake, na akashika mkia bila kanuni yoyote kuvunjwa. Kwa Tanzania, umiliki wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ngazi ya shindano, hata ikiwa ya tano, haiondoi ulazima wa leseni.