"Get" si "pata" tu

Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima, na kitenzi kinachowasumbua wengi si kirefu wala si kigumu kutamka. Ni "get". Karibu kila mwanafunzi anakuja akijua kwamba "get" ni kupata, na hajakosea. "I got a letter" ni nilipata barua, "she got a job" ni alipata kazi, "he got a cold" ni alipata mafua. Kisha anakutana na "it's getting dark", na hapo "pata" inagoma. Nani anapata nini?

Kamusi itakupa orodha ndefu ya maana, lakini sishauri uikariri. Shika kwanza wazo moja: "get" ni kitenzi cha badiliko. Hukuwa na barua, sasa unayo. Kulikuwa na mwanga, sasa giza linaingia. Mwenzake ni "be", ambacho husema tu hali ilivyo, bila kujali ilianzaje.

Tofauti ya hivi viwili ndiyo inayotutoa jasho sisi wasemaji wa Kiswahili, kwa sababu lugha yetu hulibeba badiliko ndani ya kitenzi chenyewe. Tuna kuchoka, kulowa, kukasirika, kuzeeka, kulewa, kupotea. Kiingereza huchukua kivumishi na kukitangulizia "get": get tired, get wet, get angry, get old, get drunk, get lost. Badiliko likishatimia, sisi tunaweka "-me-": nimechoka, nimelowa, amekasirika. Mwanafunzi anaiona hiyo "-me-", anakumbuka kwamba alifundishwa kuitafsiri kwa "have", anaandika "I have tired". Kumbe nimechoka ni "I am tired", kwa kuwa unaeleza hali uliyo nayo sasa hivi. Naanza kuchoka ni "I'm getting tired". Nilichoka haraka ni "I got tired quickly".

Angalia ndoa. Ameolewa ni "she is married". Aliolewa mwaka 2015 ni "she got married in 2015". Ukisema "she was married in 2015", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba mwaka huo alikuwa mke wa mtu, pengine tangu zamani, na pengine ndoa hiyo haipo tena. Neno moja limebadilisha habari nzima. Na ukitaka kumtaja mwenzi wake, tumia "to": "she got married to a doctor". Ile "with" tunayoipenda huwa inatoka kwenye "na" ya Kiswahili.

Kuzoea nako kunafuata njia hiyohiyo. "I'm used to the noise" ni nimeshazoea kelele; "I'm getting used to the noise" ni naanza kuzizoea. Kitenzi kikifuata hapo, kinachukua "-ing": "I'm getting used to waking up early". Usiandike "to wake".

Kufika mahali pia ni badiliko, ila la mahali ulipo. "We got to the airport at six" ni tulifika uwanja wa ndege saa kumi na mbili. Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to": sema "I got home late". Kwa vyombo vya usafiri, kile unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, huchukua "get on" na "get off". Gari dogo na teksi huchukua "get in" na "get out of".

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ambapo badiliko linafanywa na mtu mwingine. Kiswahili kina kauli ya kutendesha, tunasema nimeshonesha gauni au nimetengenezesha simu, na kila mtu anaelewa kwamba fundi ndiye aliyefanya kazi. Kiingereza husema "I got a dress made" na "I got my phone repaired". Ukisema "I repaired my phone", umejitangaza kuwa fundi, na usishangae mtu akikuletea yake. Na ukimtaja mtu uliyemshawishi afanye jambo, muundo unabadilika: "I got him to talk", yaani nilifanikiwa kumfanya azungumze. Sikiliza hiyo "nilifanikiwa". "Get" hapa hudokeza kwamba palihitajika juhudi, ushawishi au ujanja kidogo, jambo ambalo "I made him talk" haina. Hiyo inanuka shuruti.

Sasa linganisha sentensi hizi mbili, kwa sababu zinatofautiana kwa sauti moja tu. "I got to meet her" ni nilipata bahati ya kukutana naye. "I've got to meet her" ni lazima nikutane naye. Ya kwanza ni furaha iliyokwisha kupita, ya pili ni wajibu unaokusubiri. Kwenye mazungumzo ya haraka hiyo "'ve" huwa hafifu sana, na wengi huimeza kabisa, kwa hiyo sikiliza na muktadha. Vilevile "I've got a car" ina sura ya wakati uliopita lakini maana yake ni ya sasa: nina gari.

Mtaniuliza kuhusu "gotten". Ni Kiingereza halali. Umbo hilo ni la zamani, lilififia Uingereza na likadumu Marekani, ambako "I've gotten a car" ni nimepata gari, tofauti na "I've got a car". Neno "get" lenyewe liliingia Kiingereza kutoka lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9, nalo lina undugu na "forget", ambayo mpaka leo kila mahali inasema "forgotten".

Kuna walimu wanaokataza "get" kabisa na kutaka "obtain", "receive" au "become". Kwa ripoti rasmi au insha ya chuo nakubaliana nao. Kwa mazungumzo, siwaungi mkono hata kidogo. Mtu anayesema "I obtained a taxi and arrived at my home" hajakosea sarufi, lakini anasikika kama anasoma tamko.

Zimebaki "get" zenye vijineno nyuma, na hizo ujifunze moja moja ndani ya sentensi. "Get by" ni kusukuma maisha kwa kidogo ulichonacho. "Get away with" ni kufanya kosa bila kuadhibiwa. Kuwa mwangalifu na "get over". "She got over the flu" ni alipona mafua, sawa kabisa, ila kumwambia aliyefiwa "get over it" ni ukatili, kana kwamba unamwambia aache kulialia. Na hiyo usiichanganye na "get it over with", ambayo ni kumaliza jambo usilolipenda ili liishe: "let's get the exam over with".