Mashua ya ziwani haiozi?

Wanunuzi wa mashua kuukuu za matanga huko Kyela na Matema husema ya Ziwa Nyasa ni nzima kuliko ya baharini, kwa kuwa haijaguswa na chumvi. Nusu ni kweli: chumvi hula misumari, na viumbe vinavyotoboa mbao baharini ziwani havimo. Lakini ubao huozeshwa na kuvu, nayo hustawi zaidi kwenye maji yasiyo na chumvi, hasa ya mvua yaliyotuama ndani (na mvua ya Kyela ni nyingi).

Rangi mpya isikubabaishe. Inua mbao za sakafu, choma kwa ncha ya kisu pale mataruma, yaani mbavu za mashua, yanaposhikana na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa. Kikizama kama kwenye parachichi bivu, ondoka. Misumari hubadilishwa, lakini taruma likioza, fundi ataanza kuibomoa mashua yenyewe.