Fundi maiko hutambulika kabla hajashika spana

Mama mmoja anayechukua dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kuwapeleka Magu na Lamadi alituletea gari lake aina ya Noah chuoni ninakofundisha, akiwa amechoka kabisa. Ndani ya wiki tatu alikuwa ameshanunua altaneta mbili, zile zinazochaji betri, na betri moja, na bado asubuhi gari lilikuwa linagoma kuwaka. Nilimwita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nikampa mita ya umeme. Akapima betri, injini ikiwa imezimwa: volti 12.6. Betri nzima. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mama akapiga stata. Mita ilitakiwa kubaki karibu na sifuri, lakini ikapanda hadi volti 4. Umeme ulikuwa unapotelea njiani. Waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi, ulikuwa umeliwa na kutu. Kipande cha msasa na spana namba 12 vikamaliza kazi.

Fundi aliyemuuzia zile altaneta sidhani kama ni mwizi. Alikuwa anabahatisha kwa fedha za mtu mwingine, na huyo ndiye tunayemwita fundi maiko. Nimefundisha umeme na mitambo ya magari hapa Mwanza kwa miaka mingi, na nikiulizwa fundi wa kuepukwa ni yupi, sijibu kwa kuangalia gereji yake. Mtu anaweza kufanya kazi chini ya mwarobaini kule Mabatini, ovaroli imelowa oili, na akawa fundi hasa. Mwingine ana jengo lenye vigae na kiyoyozi lakini injini haisikilizi. Cheti kinasaidia, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumrasimishia ujuzi wake, kwa hiyo kumuuliza cheti si kumdharau. Ila kipimo changu kikubwa ni mpangilio wa kazi: anauliza, anapima, ndipo anafungua. Anayeanza na kufungua, muage.

Msikilize dakika tano za kwanza. Fundi wa kweli ana maswali kama ya daktari: tatizo lilianza lini, hutokea injini ikiwa ya baridi au ya moto, nani aliligusa gari mara ya mwisho, akabadilisha nini. Fundi maiko anapiga boneti kofi, anainama kidogo, anasema, "Bosi, hapa altaneta imekwenda." Mwambie tu: "Sawa fundi, nionyeshe." Altaneta nzima, injini ikiunguruma, hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye betri. Ni kipimo cha dakika moja. Akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu lako.

Kuna uongo mwingine unaoumbuka kwa kulijua gari lako tu. IST na Vitz zilizojaa barabara za jiji hili zina injini zenye cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa valvu ndani ya injini. Ukiambiwa mkanda wa taimingi wa IST yako umekwisha na unatakiwa kununua mwingine, unauziwa kitu ambacho gari halina. Kuna mkanda wa nje, ndiyo, ule unaozungusha altaneta, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha.

Linalonikera kuliko yote ni la themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Gari likichemsha, fundi anakitoa kile kidude na kukutupia mkononi: "Hiki ni cha baridi ya Japani, huku kwetu joto." Si kweli. Themostati huanza kufunguka injini ikifika nyuzi 82 hadi 88 hivi, na mchana wa Mwanza, hata uwe mkali, ni nyuzi 30 na kitu tu. Kazi yake ni kuiwahisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Ukiitoa, injini hufanya kazi ikiwa ya baridi, mafuta yanaliwa zaidi, na vyuma vinasagika mapema. Na ule ugonjwa wenyewe unabaki: feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba, pampu ya maji inayovuja, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Kifuniko hicho watu wanakidharau. Sisi tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huku huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Presha inayoshikiliwa na kifuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema. Kwa hiyo fundi akianza kung'oa vitu kabla hajakagua kifuniko, mpokonye ufunguo.

Siku hizi gereji nyingi zina kompyuta ya kupimia, na wateja wanadhani mashine haikosei. Mashine inatoa msimbo, basi. P0300, kwa mfano, inasema silinda zinakosa mlipuko bila mpangilio. Haisemi kama ni plagi, koili, nozo au upepo unaoingia kusikotakiwa. Fundi anayesoma msimbo na palepale kukutajia bei ya koili nne amesoma kichwa cha habari tu.

Kuhusu spea, nenda naye dukani au lipa dukani mwenyewe, uchukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la kitu ulichonunua. Cha juu, yaani nyongeza ya siri anayojiwekea fundi kwenye bei, hufichwa pale pasipo na risiti. Mabaki ya zamani ni mali yako. Yadai hata kama huna pa kuyaweka, na makubaliano ya bei mtumie fundi kwa ujumbe wa simu kabla hajaanza.

Gari kulala gereji ni jambo la kuepuka. Wateja wa Sengerema na Geita waliona tabu kurudi mara mbili kwa kivuko, wakawa wanaacha gari na kuondoka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, sababu hiyo imepungua nguvu. Ikibidi lilale, piga picha kilomita, geji ya mafuta, betri, tairi ya akiba na jeki, na mwenye gereji akuone unapiga.

Siku ya kulichukua, fundi aingie nawe mkapande mlima wa Bugando, kisha mshuke mkisikilizia breki. Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi ukikuta tone jeusi au la kahawia, hiyo mara nyingi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni ya gia au usukani. La kijani au waridi ni maji ya rejeta. Haya yote unamrudishia fundi siku hiyohiyo pamoja na boksi lenyewe. Tone la maji matupu yasiyo na rangi wala harufu, kama jana uliwasha AC, liache.