Asembla haikati ubao mapema

Mmoja wa vijana ninaowafundisha kompyuta hapa Langoni, Lamu, alinijia barazani baada ya Isha, laptopu mkononi. "Ami, hii asembla ni mbovu. Nimeongeza nop moja tu, baiti 1, na msimbo umenenepa kwa baiti 4."

Asembla ni programu inayogeuza amri zilizoandikwa kwa maneno kuwa baiti za mashine, na nop ni amri isiyofanya kitu. Nikamwambia aketi, tukatazama pamoja. Alikuwa ameandika jmp, yaani mruko, ya kwenda mbele hadi lebo (jina la mahali kwenye msimbo) aliyoiita mwisho, na katikati nop 127. Kwenye x86, familia ya vichakataji vya Intel na AMD, mruko mfupi una baiti 2: EB, kisha baiti moja ya umbali. Baiti hiyo hubeba kuanzia −128 hadi 127, na umbali huhesabiwa kutoka pale mruko wenyewe unapoishia. Mara ya kwanza alipata EB 7F (7F ni 127 kwa heksadesimali), jumla baiti 129. Ilipoingia nop ya 128, umbali haukuenea tena kwenye baiti moja, asembla ikachukua mruko mrefu, E9 na baiti nne za umbali: E9 80 00 00 00. Tano na 128 ni 133. Ubovu haukuwapo. Kilichokuwapo ni picha fulani ya asembla kichwani mwake, na picha hiyo nimeikuta hata kwa watu waliomaliza chuo. Haya ndiyo madai yake, moja moja.

"Husoma mstari, hutoa baiti, husonga mbele"

Kwa nop au ret (rudi ulikotoka), sawa. Nop ni 90, ret ni C3, hakuna la kusubiri. Lakini "jmp mwisho" ikisomwa kabla mwisho haujaonekana, asembla itajuaje kama ni baiti 2 au 5? Haijui. Wengine hujibu kwamba ndiyo maana faili husomwa mara mbili. Zipo asembla za namna hiyo, ila GNU as, asembla ya mradi wa GNU, ambayo Dean Elsner aliianza kwa ajili ya mashine za VAX, huusoma msimbo chanzo mara moja tu. Lisilojulikana huliweka kiporo, na chombo cha kuwekea kiporo hicho ndicho fragi.

"Fragi moja ni amri moja"

Fragi ina kichwa kisichobadilika na mkia unaoweza kubadilika. Amri zenye saizi inayojulikana hupangwa kichwani moja baada ya nyingine, hata zikiwa mamia. Likitokea jambo lenye saizi ya kubahatisha, kama mruko au .align (jaza hadi anwani inayogawanyika sawasawa), basi hilo huwa mkia, fragi hufungwa, mpya ikaanza. Ukifungua msimbo wa GNU as utaona fr_fix, yaani idadi ya baiti za kichwa. Fr_symbol, lebo ambayo mkia unaitegemea. Fr_subtype, umbo ambalo mkia umelivaa kwa sasa. Na fr_next, fragi inayofuata. Ukiandika .skip 1000000, yaani acha nafasi ya baiti milioni, fragi haibebi sufuri milioni. Inabeba baiti moja ya mfano na hesabu ya marudio.

"Mruko ukirefuka, baiti zote za mbele husukumwa"

Hii ndiyo iliyomng'ang'ania zaidi kijana wangu. Alidhani msimbo umekaa kwenye kumbukumbu kama foleni ya abiria kwenye boti ya Mokowe: mmoja akijitanua, wote wanasogea. Nikamwambia amfikirie fundi wa jahazi kule Matondoni. Hakati ubao kwa kipimo cha kukisia. Huuacha mrefu kuliko haja, na ncha anaipunguza akishauona unavyolala kwenye mataruma. Asembla nayo, inapokutana na mruko, hutenga tangu mwanzo nafasi ya umbo refu kabisa la mruko huo, hata kama mwishowe zitatumika baiti mbili. Kinachobadilika baadaye ni namba tu. Inapita kwenye mnyororo wa fragi ikiipa kila moja anwani: anwani ya iliyotangulia, jumlisha kichwa chake, jumlisha mkia wake kwa umbo la sasa. Mruko ukionekana haufiki, umbo lake linabadilishwa na safari inarudiwa, mpaka upite mzunguko mzima bila kitu kubadilika. Hapo ndipo baiti za mikia zinapoandikwa. Hakuna aliyesukumwa.

Ndiyo maana pia lebo si anwani, ingawa tumezoea kuiita hivyo. Wakati huo wote lebo ni fragi fulani na hatua kadhaa ndani yake. Fragi ikihama, lebo inahama nayo, hakuna haja ya kuisahihisha.

"Ukianza na mirefu ukaipunguza, utafika pale pale"

Chukua lebo A, kisha mruko wa kwenda mbele hadi B, kisha baiti 124, kisha mruko wa kurudi A, halafu B. Anza na mifupi: wa kwanza unahitaji 124 na 2, yaani 126, wa pili unarudi 2 na 124 na 2, yaani −128 kamili. Yote miwili inaenea, miruko ikiwa baiti 4 jumla. Sasa anza na mirefu. Wa kwanza unahitaji 124 na 5, yaani 129, haupunguki. Wa pili hata ukiufupisha unahitaji −131, haupunguki. Kila mmoja amemshikia mwenzake mlango, nawe umebaki na baiti 10 zinazofanya kazi ile ile. GNU as huanza na mifupi. Thomas Szymanski aliichambua mada hii mwaka 1978, na akaonyesha kwamba ukiruhusu hesabu zozote za lebo, kupata msimbo mfupi kabisa ni tatizo gumu la jamii ya NP, yaani lisilo na njia ya haraka inayojulikana.

.align nayo ina vituko vyake. Msimbo ukiishia baiti ya 13 na unataka kufika 16, zinajazwa 3. Mruko ulioitangulia ukikua kwa 3, za kujazia zinakuwa sufuri, na yaliyo mbele hayajasogea hata kidogo.

Kijana akaondoka. Keshoye akarudi: ameihamishia mwisho faili jingine, nop amezipunguza zikabaki 3, na kwenye x86-64 objdump, chombo cha kuonyesha baiti za faili, inamwonyesha E9 00 00 00 00. "Ami, mbona mrefu tena? Na sufuri hizi?"

Lebo ya faili jingine asembla haiioni kabisa, kwa hiyo ikishamaliza kusoma faili bila kuiona, haijaribu ufupi. Huchukua mruko mrefu, huacha baiti 4 tupu, na huandika pembeni kwamba linka, programu inayounganisha mafaili, ije ijaze. Akaendesha ld, linka yenyewe, akafungua tena. Sufuri za kwanza zilikuwa zimepisha umbali. E9 ilikuwa pale pale.