Mwezi wa nane hauli watoto

Wiki iliyopita bibi mmoja alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto njiti, akachungulia, akamtazama mjukuu wake mara moja tu, halafu akamwambia mkwewe kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya dagaa: "Usijisumbue na jina. Huyu wa nane." Mtoto alikuwa na saa kumi na nne duniani. Kilo 1.9. Anahema mwenyewe, rangi nzuri, analia kwa hasira kila tukimgusa. Mama yake, binti wa miaka kumi na tisa, uzazi wake wa kwanza, akageukia ukuta. Asubuhi tulikuwa tumemfundisha kukamua maziwa. Mchana ule hakukamua tena.

Mimi ni mkunga. Nimezalisha miaka kumi na saba hapa mkoani Mtwara, mwanzoni juu huko Newala, sasa pwani. Kauli hii nimeisikia kwa Wamakonde, kwa Wayao, kwa Wamwera wa upande wa Lindi, na nisiwaonee bibi zetu, nimeisikia kwa mwalimu wa sekondari na kwa mwenzangu mmoja anayevaa sare kama yangu. "Wa saba huishi, wa nane hufa." Zamani nilikuwa nanyamaza. Leo nimechoka.

Kwanza, hii si ya kwetu peke yetu. Wagiriki wa kale walikuwa nayo. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wao maarufu, kuna andiko zima juu ya mtoto wa mwezi wa nane. Hoja yao ilikuwa kwamba mwezi wa saba mtoto hupigania kutoka, akishindwa anaugua humo humo tumboni, kwa hiyo akizaliwa mwezi wa nane anatoka akiwa hoi. Bibi yule wa mlangoni hajasoma Kigiriki, lakini nilipomuuliza sababu alinijibu karibu hivyo hivyo: "Wa saba ameupata mlango wazi, mwanangu. Wa nane ameukuta umefungwa, akarudi." Maelezo mazuri. Ubaya wake ni kwamba tumboni hakuna kurudi. Hakuna kiungo kinachokomaa wiki ya 30 kisha kikachacha wiki ya 34.

Chukua mapafu, maana ndiyo yanayoua njiti. (Wiki zote ninazotaja nahesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kama ilivyo kwenye kadi ya kliniki.) Mapafu huanza kama kichipukizi kwenye koo la chakula, karibu na wiki ya sita. Kufikia wiki ya 17 hivi njia za hewa zimeshatawanyika kama matawi ya mkorosho, lakini ni matawi bila majani. Hapo hakuna pa kubadilishia hewa. Moyo, mikono, vidole, mateke, kusikia sauti ya mama, hayo mnayasikia kila siku redioni, nayaruka. Turudi kwenye majani. Vifuko vya hewa huanza kujitokeza baada ya hapo, na kuanzia wiki ya 24 hivi seli za ndani yake huanza kutengeneza safaktanti, mafuta fulani yenye tabia ya sabuni.

Kwa nini sabuni? Chukua mfuko wa nailoni ulioingia maji, ujaribu kuufungua. Kuta zimegandana, unavuta, unapuliza, unatukana. Maji hujivuta yenyewe kwa yenyewe. Kifuko cha hewa cha mtoto kina ukuta uliolowa, na bila safaktanti kila akitoa pumzi kinagandana, na pumzi inayofuata inabidi akibandue upya. Mara arobaini, sitini kwa dakika. Ndiyo maana njiti mchanga sana anaguna, mbavu zinabonyea, pua zinachanuka, na baada ya saa kadhaa anachoka tu. Hakuwa na pepo. Alikuwa anapuliza mifuko ya nailoni.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani ndio walioonyesha kwamba watoto waliokufa hivyo walikuwa wamepungukiwa na mafuta hayo. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati wake, kilo 2.1, akaishi saa 39. Najua mtaniambia: si unaona, wa nane huyo! Naam, wa nane. Na kama angezaliwa mwezi mmoja kabla, kwa vifaa vya mwaka ule, hata hizo saa 39 zingekuwa bahati. Safaktanti huongezeka wiki hadi wiki. Kwa watoto wengi hutosheleza kufikia wiki ya 34 au 35. Si wote. Wavulana huchelewa kidogo kuliko wasichana. Na uwezo wa kunyonya, kumeza na kuhema bila kupaliwa huja karibu na wiki ya 34 pia. Mafuta ya kuhifadhi joto, madini ya chuma, kinga anazopewa na mama kupitia kondo, mzigo mkubwa wa vitu hivi hupakiwa miezi ya mwisho. Kila wiki ya ziada tumboni ni faida, ilimradi tumbo lenyewe ni salama kwake na kwa mama.

Sasa kwa nini watu wenye akili timamu wameona kinyume kwa macho yao? Hapa ndipo nakereka, kwa sababu jibu liko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe hatuifanyi.

"Miezi minane" ni miezi ipi? Yule mtoto wa kilo 1.9, kwa makisio yetu, ana wiki 33. Siku 231. Ukizigawa kwa miezi ya wiki nne nne, kama wafanyavyo akina mama wengi wakisoma kadi, unapata minane na wiki moja. Ukitumia kalenda ya ukutani, saba na nusu na ushei. Hapo mmoja atasema "ana saba," mwingine "yuko kwenye wa nane," na wote wako sawa. Bibi yeye anahesabu miandamo ya mwezi, tena kuanzia siku mkwewe alipokosa hedhi, si ilipoanza ile ya mwisho. Toa siku 28, zinabaki 203, gawa kwa 29 na nusu: hata saba haijatimia. Mtoto mmoja, kitanda kimoja, tayari ni wa saba kasoro, wa saba, na wa nane.

Subiri, kuna kali zaidi. Mtoto wa wiki 37, aliyekomaa, ambaye mimi simwiti njiti hata kidogo, kwa hesabu ya miandamo toka hedhi iliyokosekana ametimiza saba na wiki tatu na ushei. Bibi atamwita wa saba. Na atapona, atanyonya, ataoa, atapiga kura. "Si nilikwambia wa saba huishi?"

Halafu kuna wale wa saba wa aina nyingine, na hapa naomba nisamehewe na wazee. Nimekutana na watoto wengi wa "miezi saba" wenye kilo tatu na nusu, nywele tele, kucha zimepita ncha za vidole, waliozaliwa miezi saba kamili baada ya ndoa. Mapafu yao yana afya njema sana. Sitasema zaidi.

Na kuna wafu wasiohesabiwa. Zamani, na vijijini hata sasa, mtoto wa wiki 27 au 28 aliyekata pumzi dakika chache baada ya kuzaliwa hakuitwa mtoto. Ilisemwa "mimba imeharibika," akazikwa kimya kimya na wanawake wachache, kwisha. Hakuingia kwenye hesabu ya wa saba waliokufa. Wa wiki 34 alikuwa na sura, kilio, uzito mikononi. Maziwa ya mama yalishatoka. Siku ya pili au ya tatu akapoa au akapaliwa, akafa. Huyo alililiwa. Huyo alikumbukwa kwa jina la mwezi wake. Ukiweka waliokumbukwa upande mmoja na waliosahaulika upande mwingine, mwezi wa nane lazima uonekane mla watoto.

Ongeza malaria. Huku kusini hatuna uhaba nayo. Vimelea hujificha kwenye kondo, mtoto anapunjwa chakula, anazaliwa wiki ya 38 na kilo 2. Kwa macho ni njiti. Kwa mapafu ni mkubwa. Mnamwita wa saba, anapona, ushahidi mwingine umepatikana. Ndiyo maana tunawasumbua na vidonge vya SP, vya kukinga malaria, kila mwezi kuanzia wiki ya 13, na ndiyo maana mizani peke yake hainiambii umri. Natazama mikunjo ya nyayo, sikio likikunjwa linavyorudi, titi lina ukubwa gani. Hata hapo nakisia.

Nikiri basi: tarehe zetu wenyewe ni za kubahatisha kuliko tunavyojifanya. Altrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukosea siku chache tu. Ya miezi ya mwisho yaweza kukosea wiki tatu, na wengi huja kwangu mara ya kwanza wakiwa na mimba ya miezi mitano au sita. Futi ya kupimia tumbo nayo ina mambo yake. Ninapoandika "wiki 33" kwa wino mweusi, moyoni nimeandika "30 hadi 36."

Kwa hiyo nina mitego yangu. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi kwenye benchi langu, nauliza Ramadhani: "Ulikula siku ngapi?" Mwanamke hafungi akiwa kwenye siku zake na anajua ana deni la kulipa, kwa hiyo hesabu hiyo ameishika kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Akisema alikula tano kwenye kumi la mwisho, nimeipata hedhi yangu. Akisema "mwaka huu nilifunga zote, hata mwenyewe nilishangaa," tunatazamana, tunacheka. Kwa wengine nauliza mikorosho: ulikosa siku zako mnapulizia salfa au mnaokota? Si sayansi ya kujivunia, lakini mara kadhaa imeishinda picha ya altrasaundi iliyopigwa tumbo likiwa limeshafika kifuani.

Umri huu haunisumbui kwa sababu ya ubishi tu. Mama akija na dalili za kuzaa kabla ya wakati, kati ya wiki ya 24 na 34, kuna sindano ya deksamethasoni inayoyaharakisha mapafu. Wazo lilitoka New Zealand, kwa madaktari Liggins na Howie, mwaka 1972. Darasani tulifundishwa kana kwamba ni maji ya baraka. Kisha mwaka 2015 ukatoka utafiti wa nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, dawa ikasambazwa mpaka ngazi za chini, na vifo vya watoto havikupungua; kwa jumla viliongezeka. Mwaka 2020 utafiti mwingine, Kenya ikiwemo tena, ukafanyika hospitalini, umri umepimwa vizuri, huduma ya kichanga ipo, nao ukaonyesha kwamba dawa inaokoa. Nilisoma zote mbili nikakaa kimya muda mrefu. Dawa ile ile! Kilichoonekana kutofautiana ni kujua wiki, na kuwa na pa kumpeleka mtoto. Kuna usiku nimechoma sindano huku nikijiuliza kama huyu kweli ni wa 33 au ni wa 37 aliyedhoofishwa na malaria, ambaye hakuihitaji kabisa.

Jambo la pili nililofundishwa na sasa silisemi tena: kwamba presha ya mimba humkomaza mtoto mapafu kwa sababu ya misukosuko. Tafiti za baadaye hazikulikubali kirahisi. Nimeona watoto wa mama wenye presha wakihema vizuri sana, nimeona wengine wakiguna usiku kucha. Mama akiniuliza, namwambia tutamwona akitoka.

Yule wa kilo 1.9 hakuhitaji miujiza. Joto, maziwa, mikono safi. Joto la kwanza ni kifua cha mtu. Wakolombia walianza kumfunga njiti kifuani mwa mama mwaka 1978, pale Bogotá, kwa sababu mashine hazikutosha. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba mtoto mdogo akiwekwa kifuani mapema bila kungoja kwanza "atulie," vifo vinapungua kwa robo. Nikamweleza binti yule, akaniangalia tu. Basi nikamgeukia bibi. "Shikamoo bibi. Mama anakwenda kuoga, hatuna mtu wa kumshika mtoto. Fungua vifungo."

Alifungua huku akinung'unika. Tukamweka mtoto kifuani, kofia kichwani, tukamfunga kwa kanga mbili. Baada ya nusu saa bibi alikuwa hataki kumrudisha. Siku ya tatu walikuwa wanagombania zamu. Binti alirudi kukamua bila kuambiwa, na mtoto ana jina, jina la babu yake.

Jana, siku ya tisa, amevuka uzito aliozaliwa nao. Nilimwonyesha bibi mizani, nikiwa nimejiandaa kabisa kwa ushindi wangu. Akaisoma, akaifunga kanga vizuri mabegani, akanipigapiga mkono kwa huruma.

"Nimehesabu upya, sista," akasema. "Kumbe huyu alikuwa wa saba."